Vichupa Vinne vya Wadudu wa Gesi

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu unalala upande, na tahajia inanipotea, hasa penye r na l. Niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa wa mwisho kunakili ubaoni. Mwalimu alikuwa anafuta nami niko mstari wa tatu. Atakayepiga chapa haya anirekebishie. Jambo lenyewe nilishaliandika mara moja, kwa barua, kwa mtu mmoja tu. Nadhani sasa naweza kuliandika kwa watu wengi.

Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, upande wa kuelekea Msimbazi, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Tulikaa watatu: bibi yangu mzaa baba, baba, na mimi. Ilikuwa miaka ile iliyofuata enzi ya ruksa. Barazani ambapo zamani wazee walicheza bao palitandikwa mitumba, redio za kaseti na viatu vya plastiki. Nyumba za jirani zilikuwa zinauzwa moja moja, na kila iliyouzwa iliota ghorofa. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana moja ya Gerezani. Karakana ilipopata wenyewe wapya, yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudi nyumbani na sanduku la vifaa vyake, akakaa wiki mbili, kisha akaanza kukusanya mapipa.

Alichotengeneza kilikuwa mtambo wa gesi. Ni pipa kubwa lililofukiwa nusu ardhini uani, na ndani yake pipa jingine dogo lililogeuzwa mdomo chini. Pipa la chini unalijaza kinyesi cha ng'ombe na maji na maganda ya sokoni. Vikioza, gesi inatoka, inalisukuma lile pipa la juu, nalo linapanda. Juu yake pana koki na mpira unaokwenda hadi jikoni. Ukiamka ukaona pipa limepanda, chai ipo. Ukikuta limelala, unatafuta mkaa.

Kulilisha pipa ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa na kazi nyingine. Kila asubuhi nilikwenda Mchafukoge na ndoo mbili, kwa jirani yetu mmoja Mhindi aliyefuga ng'ombe wanne nyuma ya nyumba yao, akiuza maziwa na samli. Baba alimwita Bwana Maziwa na yeye alimwita baba Fundi. Wazo la mtambo lilikuwa lake; aliuona kwa ndugu zake Gujarati alipokwenda kuoa, akamchorea baba chini kwa kijiti. Alinijazia ndoo za kinyesi bila kudai kitu, nami nikirudi nilipita sokoni kuokota majani ya kabichi na maganda ya ndizi. Maganda ya machungwa niliyatoa moja moja. Pipa lilikuwa haliyapendi. Ukilipa machungwa mengi linanuna siku tatu, na harufu yake inakuwa kali kama siki. Nililijua kwa harufu. Harufu ya asubuhi njema, ya kununa, ya juu na ya chini kabisa, zote nilizijua, ila sikuwahi kumwambia mtu, maana msichana unaanzaje kusema unajua harufu za mavi.

Mwanzoni pipa halikufanya kazi. Baba alilijaza kinyesi, tukangoja wiki tatu, hakuna kitu. Bibi alianza kuliita kaburi. Ndipo baba akakumbuka kwamba tangu utoto wake alikuwa anaona mapovu yakitoka kwenye tope jeusi la Msimbazi, na kwamba wao watoto walikuwa wanayawasha kwa kiberiti. Akateremka na ndoo, akaleta tope, akalimwaga ndani. Baada ya siku kumi na mbili pipa likapanda.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Baba alisema kilicholiamsha pipa ni tope la Msimbazi. Bwana Maziwa alisema ni ng'ombe wake.

"Fundi, wewe ulikosa subira tu. Ungengoja siku hizo kumi na mbili bila tope lako, lingepanda vilevile."

"Wiki tatu ng'ombe wako walikuwa wamelala humo. Ni Msimbazi iliyowaamsha."

"Unakunywa chai ya ng'ombe wangu unasema ya Msimbazi! Hata maziwa ya kwangu, moto wa kwangu. Chako nini humo?"

"Pipa."

Walibishana hivyo karibu mwaka mzima, kila Bwana Maziwa alipopita kwetu jioni. Kwa Bwana Maziwa ilikuwa mchezo. Kwa baba, nadhani, haikuwa mchezo tu. Alikuwa amepunguzwa kazini, na pipa lile ndilo kitu pekee alichoweza kusema kichwa chake ndicho kilichokamilisha.

Siku moja Bwana Maziwa alituletea mgeni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye mkoba wa turubai. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, wale wanaosoma hata baada ya kumaliza kusoma, na alifikia kwa dada yake kwenye fleti Mchafukoge, akinunua maziwa kwa Bwana Maziwa. Nitamwita mtafiti. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ambayo sidhani aliisikia, lakini aliitikia marahaba. Kisha akapiga magoti kwenye mdomo wa pipa na kunusa. Bibi alijifunika pua kwa kanga, kwa ajili ya mgeni, kama vile ni yeye anayenusa.

"Mnajua nani anatengeneza gesi hii?" mtafiti aliuliza.

"Mimi," baba alisema.

"Wewe umetengeneza pipa. Gesi nani?"

Bwana Maziwa alicheka mpaka akashika ukuta.

Akatueleza. Ndani ya pipa mnaishi wadudu wadogo mno, macho hayawaoni. Wengine wanaozesha maganda na kuyafanya siki na vitu vingine, na wengine wanakula siki hiyo, au hewa nyingine inayotoka humo, na kutoa gesi ya methani. Hao wa mwisho ndio aliokuwa anawatafuta. Alisema zamani watu wa sayansi waliwaweka kundi moja na bakteria kwa sababu ukiwatazama kwa darubini wanafanana, lakini sura zimewadanganya wengi. Walipokuja kusoma vinasaba vyao, yaani maandishi yaliyomo ndani ya kila kiumbe yanayosema awe nani, walikuta si bakteria hata kidogo. Ni ukoo wao peke yao, wa zamani sana, unaoitwa arkea.

"Maandishi kaandika nani?" bibi aliuliza.

"Hilo, bibi, sina jibu lake. Mimi nimefundishwa kusoma tu. Na herufi zenyewe ni nne, zinarudiwarudiwa. Yuko mmoja wa ukoo huu, anaishi chini ya bahari penye maji ya moto, wenzetu wa nje wamemsoma jenomu yote, yaani maandishi yake yote, herufi zaidi ya milioni moja na nusu, moja baada ya nyingine."

"Herufi nne!" baba alisema akinitazama. "Basi hata huyu binti yangu angefaulu."

Walicheka. Nilicheka pia, nikaenda kuangalia chai.

Mtafiti alipousikia ubishi wa baba na Bwana Maziwa hakucheka. Alitoa daftari akaandika. Alisema swali lao ndilo swali lake. Wadudu wa gesi wa tumboni mwa ng'ombe na wa kwenye matope si lazima wawe ndugu wa karibu. Ukichukua wa ng'ombe, wa Msimbazi na wa pipa, ukawasoma, ukawapanga kwa ukoo, unaweza kuona wa pipa wametokea upande gani. Mashine ya kusoma haikuwapo hapa kwetu. Vichupa vingepelekwa nje na mwalimu wake aliyekuwa anasafiri, na nafasi ilikuwa ya vichupa sita tu: viwili vya ng'ombe, viwili vya tope, viwili vya chini ya pipa. Alihitaji wa pipa zaidi ya wengine. Ng'ombe na matope yamesomwa kwingi, alisema, lakini pipa lililoanzishwa kwa vyote viwili mjini hapa, hakujua kama yuko aliyelisoma, na juu ya hilo ndipo angeandika kitabu chake cha kumalizia masomo.

Akauliza nani analilisha pipa. Baba akaninyooshea kidole.

Alinifundisha uani, sisi wawili. Vichupa vilikuwa vya kioo cha kahawia kama vya dawa ya kikohozi, vyenye kizibo cha mpira mnene kilichobanwa kwa bati. Alikuwa amevitoa hewa yote huko maabara na kutia gesi nyingine isiyowadhuru, kwa maana hewa hii tunayovuta kwa wadudu hao ni sumu. Ukiwafungulia wanakufa. Kwa hiyo hutakiwi kufungua kamwe. Unachota tope, unachanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa, unachuja kwa kitambaa, unavuta kwa bomba la sindano, unachoma kizibo na kusukuma ndani. Mpira unajifunga wenyewe. Kisha unabandika plasta na kuandika kilichomo.

"Utaweza?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Andika vizuri tu. Usipoandika, huko nje ni maji machafu."

Vichupa viwili vya ng'ombe Bwana Maziwa alitaka nivijazie kwake, akaviweka mwenyewe kwenye rafu ya samli ili, alivyosema, Fundi asije akavichezea. Vinne vilivyobaki nilivijaza Jumapili na Jumatatu. Nilishuka Msimbazi mpaka mahali panapotoka mapovu, na kwenye pipa nilichota chini kabisa kwa mti mrefu wenye kopo aliotengeneza baba. Niliandika plasta nne. TOPE LA MSIMBAZI mbili, CHINI YA PIPA mbili. Kila moja ilinichukua muda, kwa kuwa nilitaka herufi zisimame. Sikumbuki kama niliwahi kuandika kitu nikajua mtu wa mbali atakisoma na kufanya kazi kwa hicho. Nikaviweka vyote vinne kwenye beseni uani, kivulini, maana mtafiti angekuja Jumanne asubuhi. Kazi yenyewe haikuwa safi. Vichupa na plasta vilikuwa na matope na madoa ya kinyesi.

Jumanne nilikwenda sokoni kuokota maganda kama kawaida. Niliporudi nilimkuta bibi jikoni anafunga maandazi ndani ya gazeti, na kwenye meza, juu ya kitambaa cheupe cha kufumwa, vichupa vinne vinang'aa.

"Nimekuoshea," alisema. "Mgeni anakuja, wewe umeacha vyombo vyake mavi matupu! Ndivyo ulivyolelewa? Nimevisugua kwa dodoki na sabuni ya mche. Na vile vikaratasi vilikuwa vimeoza, nimevibandua."

Lazima niseme kuhusu bibi. Kwetu, chombo cha mtu hakirudi kichafu na hakirudi kitupu. Jirani akikuletea futari kwenye bakuli, bakuli linarudi limeoshwa na ndani yake kuna kitu, hata kama ni ndimu mbili. Bibi alikuwa na miaka sabini na hakuwahi kurudisha chombo vinginevyo. Ndiyo maana na maandazi yalikuwepo, ya kumtilia mgeni kwenye kijisanduku chake cha barafu.

Nilivishika vichupa kimoja kimoja. Vilikuwa sawa. Nilivigeuza juani, nikavitikisa. Kioo kilikuwa cha kahawia na maji yaliyochujwa yalikuwa meusi yote manne. Kama ningeweza kunusa, ningejua papo hapo. Tope la mto na la pipa kwangu ni kama sauti za watu wawili ninaowafahamu. Lakini kunusa ni kufungua, na kufungua ni kuwaua. Sindano tatu alizoniachia mtafiti, ambazo zingeweza kunivutia tone la kunusa bila kufungua, zilikuwa ndani ya pipa la taka, zimepinda.

"Bibi, havina jina."

"Jina la nini? Si wewe uliyevijaza?"

Hapo mlangoni mtafiti alipiga hodi. Bibi akatoka kumkaribisha, nikawasikia ukumbini wanaulizana habari za nyumbani na za dada. Nilikuwa na roli la plasta na kalamu ya wino mzito. Nikakata vipande vinne. Viwili vilivyokuwa upande wa dirisha nikaviandika CHINI YA PIPA na viwili vingine TOPE LA MSIMBAZI. Ndiyo mara pekee maishani nimeandika haraka.

Mtafiti alivisifu. "Visafi hivi! Sijawahi kupokea sampuli safi namna hii." Bibi alifurahi hata akamwongezea maandazi mawili. Baba alitoka chumbani akamwuliza majibu yatakuja lini, akaambiwa miezi minne, mitano. Vichupa vingesafiri kesho yake usiku. Baba alivitazama vile viwili vilivyoandikwa pipa, akavigusa kidogo na kidole. "Nendeni mkanisemee," akaviambia.

Mchana ule sikula. Nilikuwa najiambia kwamba nusu kwa nusu huenda nimepatia. Kisha nilimkumbuka mtafiti akisema huko nje hawatakuwa na kitu kingine cha kuwaongoza ila plasta. Wangesoma herufi zote hizo, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wote huo, halafu juu yake wanaweka neno nililolibuni mimi kwa kufuata dirisha. Naye angeliandika kwenye kitabu chake. Na baba angelibeba neno hilo mtaani, aidha kushinda au kushindwa, maisha yake yote. Kuliko kumwambia mtafiti kwa mdomo ningeona bora nizame Msimbazi. Na nikimwambia, nitakuwa nimemwaibisha bibi mbele ya mgeni aliyemsifu kwa usafi.

Nikachukua daftari nikaandika barua. Nilianza alasiri, nikachana mbili, ya tatu nikaimaliza asubuhi ya Jumatano baada ya kulilisha pipa. Ilikuwa na mistari saba. Nilisema vichupa vinne vilioshwa majina yakatoka, nami nikaandika mengine kwa kubahatisha. Sikuandika nani aliviosha.

Fleti ya dada yake ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Alifungua mwenyewe. Nilimpa barua kwa mikono miwili, nikabaki natazama miguu yangu.

"Ni ya ada?" aliuliza kwa upole. "Mdogo wangu, kwa kweli kwa sasa sina..."

Nilitikisa kichwa. Akaifungua, akaisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa kwenye ngazi. Chini dukani mtu alikuwa anachana kitambaa, tunasikia.

"Vyote vinne?"

"Ndiyo."

"Vya ng'ombe?"

"Vile ni sahihi. Vilikuwa kwa Bwana Maziwa."

"Vya ng'ombe sivihitaji sana!" alisema kwa sauti, halafu akaishusha. "Vile vichupa nimeviandaa wiki nzima. Sina vingine. Hata tukienda sasa hivi kuchota, sina cha kutilia." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Hebu fikiri vizuri. Hata kimoja hukijui? Kimoja tu ukinithibitishia, kingenisaidia."

Nilitamani sana kumpa hicho kimoja.

"Kimoja nadhani ni cha pipa. Kilikuwa kizito kidogo."

"Unadhani au unajua?"

"Nadhani."

"Basi hapana."

Akaingia ndani, akatoka na kijisanduku na kalamu. Aliviacha vile vipande vyangu vya plasta mahali pake, ila chini ya kila kimoja alibandika kingine na kuandika: moja, mbili, tatu, nne, na mbele ya kila namba, haijulikani. Nilikuwa nimesimama pale namtazama akiandika haijulikani mara nne. Alipomaliza alisema vitakwenda hivyo hivyo, lakini kitabu chake sasa itabidi akifikirie upya. Hakusema ahsante wala hakunigombeza tena. Aliniuliza tu, nikiwa nashuka, "Aliviosha nani? Bibi?"

Nilisimama kwenye ngazi. "Chombo cha mgeni," nilisema, nikashindwa kumaliza.

"Naelewa," alisema. "Na mama yangu angeviosha."

Nyumbani nilimweleza bibi peke yake. Alinisikiliza akichambua mchele.

"Kwa hiyo ulitaka nimpe mgeni vichupa vyenye mavi?"

"Hapana, bibi."

"Sasa?"

Baba nilimwambia jioni, Bwana Maziwa akiwepo, kwa sababu nilijua mbele yake hatapiga kelele. Hakupiga. Alikwenda uani akakaa karibu na pipa, akawa anaukaza mpira ambao haukuwa umelegea. Ni Bwana Maziwa aliyesema, "Fundi, hata mahakamani ushahidi ukioshwa kesi inafutwa. Tuanze upya, nani kaamsha pipa?" Baba hakujibu jioni ile. Kesho yake alijibu, na ubishi ukaendelea.

Miezi ilipita zaidi ya mitano. Mtafiti alikuja wakati wa masika, viatu mkononi, na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Aliitandaza mezani kwetu juu ya kile kitambaa cheupe. Ulikuwa mchoro wa mistari inayogawanyika na kugawanyika tena, kama ukoo unavyochorwa, na mwisho wa kila mstari kuna kichupa. Bwana Maziwa aliitwa akaja mbio na mwavuli.

"Hivi viwili ni vya ng'ombe, vimekaa pamoja kama tulivyotegemea," mtafiti alisema. "Sasa hivi vinne visivyojulikana. Namba moja na namba tatu ni ndugu kabisa, na wako karibu na wa ng'ombe. Namba mbili na nne ni ndugu kabisa pia, na wako mbali, ukoo wa wale wanaokula siki."

"Basi wa karibu ni wa pipa," alisema Bwana Maziwa. "Ng'ombe wangu!"

"Inawezekana. Lakini Msimbazi inapokea maji ya machinjioni huko juu. Hata tope lake linaweza kuwa na wa ng'ombe tele. Ikiwa moja na tatu ni tope, basi wala siki ndio wa pipa, nao hawakutoka kwa ng'ombe wako."

"Kwa hiyo?" baba aliuliza.

"Kwa hiyo sijui. Ningeweza kukisia, na walimu wangu wawili wamekisia, kila mmoja upande wake. Nimeandika haijulikani."

Kitabu chake, alisema, kilimalizika kwa ng'ombe na kwa sura moja fupi juu ya vichupa vinne. Haikuwa sura aliyotaka kuandika. Kisha akanigeukia, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Njoo uone. Unakumbuka ni vichupa vipi uliviandika pipa?"

Nilikumbuka. Vya upande wa dirisha.

"Ni moja na mbili," alisema. "Angalia walipokaa."

Niliangalia. Namba moja ilikuwa juu, karibu na ng'ombe. Namba mbili ilikuwa chini kabisa, kwa wala siki. Nilichukua muda kuelewa, na hakunihimiza. Niliowaandika pipa hawakuwa wa mahali pamoja. Mmoja alikuwa wa pipa na mmoja wa tope, vyovyote vile. Sikuwa hata na ile nusu kwa nusu niliyojifariji nayo.

"Bila barua yako," alisema, "ningeandika kwamba ndani ya pipa la Kariakoo kuna koo mbili zinaishi pamoja, na Msimbazi vilevile. Ningelieleza vizuri sana. Ningeeleza na sababu."

Baba aliinama karibu na karatasi. Alifuata mistari kwa kidole, polepole, mpaka mwisho wake. "Hapa pameandikwa nini?" aliniuliza, ingawa kusoma alikuwa anajua.

"Haijulikani."

"Haya," alisema. "Kaweke chai." Halafu akamwambia Bwana Maziwa, "Bado hujashinda."

"Wala wewe."

Mwaka uliofuata kiwanja chetu kiliuzwa na ami na mashangazi waliokuwa na sehemu yao, tukahamia Mbagala. Baba alilikata pipa mwenyewe, akaliuza vyuma. Ng'ombe nao waliondolewa mjini. Bibi amefariki. Mtafiti alikuja msibani, na alipoondoka mama mmoja alimpa sahani yake imeoshwa, ina visheti. Baba na Bwana Maziwa wanapigiana simu kwenye sikukuu zao wote wawili, na hata kwenye simu, yenye gharama, lazima mmoja aligusie lile suala.

Kuna jambo ninaloomba. Nimesikia watu wengine wamejenga mitambo kama ule, wengine kwa matofali, Tanga na Arusha na hata Dar hapa pembeni. Kama unao, niandikie. Mwenye gazeti anayo anwani yangu na amekubali kunipokelea barua. Nieleze ulilianzisha pipa lako kwa nini, kinyesi kitupu au uliongeza kitu, na ulingoja siku ngapi likapanda. Andika hata kwa mwandiko mbaya. Nitazisoma zote pamoja na baba, na nitajibu, ila mtanivumilia, nitachelewa.